Wanja unashinda moshi: boksi la Siouxsie and the Banshees, At the BBC

Nimemaliza kuangalia DVD iliyomo kwenye boksi la At the BBC la Siouxsie and the Banshees, bendi ya Uingereza inayoongozwa na mwimbaji wa kike Siouxsie, lile lililotoka 2009, diski 4 yaani CD 3 za sauti na DVD moja, na nimeirudia mara tatu ndani ya wiki maana kuna kitu nilikuwa nakitafuta. Nilitaka kuona zile sura za msiba za bendi za gothiki, yaani roki ya giza na huzuni, za Uingereza zilikuwa zinafanyaje kazi kwenye tivii. Ukumbini usiku naelewa, giza lipo, moshi upo, watu wamekuja wenyewe wanajua wanachotaka. Lakini studio ya Top of the Pops, kile kipindi cha BBC cha nyimbo zinazotamba, jamani? Taa za kila rangi, baluni, vijana wanapiga makofi mbele, mtangazaji meno nje, na familia nzima huko nyumbani iko sebuleni inaangalia, halafu wewe hapo hapo usimame umenuna kama umetoka kuzika.

Basi anzia 1978, Hong Kong Garden, singo yao ya kwanza, ile iliyofika namba 7 kwenye chati ya Uingereza. Siouxsie ana nywele fupi nyeusi zimesimama, na macho yamepakwa wanja hadi unavuka mpaka wa macho. Studio haijafanya chochote kumsaidia, na bado anatisha. Kila kamera ikimsogelea naona ule wanja ndio unaobeba kazi yote, taa iwe nyekundu iwe njano jicho linabaki jeusi tii. Na tukumbuke watu walishamuona kwenye tivii kabla ya hapo, Desemba 1976 kwenye kipindi cha Today cha kituo cha tivii cha Thames, amesimama nyuma ya bendi ya panki Sex Pistols siku ile mtangazaji Bill Grundy alipowachokoza mpaka wakatukana hewani, kwa hiyo huyu dada kamera ilikuwa haimbabaishi.

Hapo ndipo nikapata nilichokuwa nakitafuta na sijakibadilisha tangu hapo: kwenye tivii ya Uingereza waliofanikiwa ni wale waliobeba giza lao usoni. Waliolitegemea jukwaa walipata tabu. Wachukue Sisters of Mercy wa Leeds, giza lao ni moshi, Andrew Eldritch na miwani yake nyeusi ndani ya wingu, drams zinapigwa na mashine wameipa jina Doktor Avalanche, kwenye video ya shoo yao ya Royal Albert Hall ya Juni 1985 kuna muda unatafuta mtu kwenye picha humpati na ni raha kabisa kwa sababu ukumbi ni wao na moshi ni wao. Au Fields of the Nephilim wa Stevenage, makoti marefu na kofia, wamejipaka unga waonekane wametoka vumbini, ile inataka umbali na mwanga hafifu, ukiwamulika sana unauona unga. Bauhaus ndo wako katikati. Walipenda taa nyeupe kali zinazokata uso vipande viwili, lakini mwimbaji wao Peter Murphy ana mifupa ya uso ambayo hata ukimuweka kwenye mwanga wa duka la nguo bado atafanana na maiti mrembo, ndio maana Oktoba 1982 walienda Top of the Pops na ule wimbo wa David Bowie, Ziggy Stardust, wakapanda mpaka namba 15, na ndio maana watengenezaji wa kaseti za Maxell walimchukua kwenye tangazo lao la tivii akae tu kwenye kiti apigwe na upepo wa muziki. Hakuimba hata neno moja, uso ulitosha.

Nirudi kwenye DVD. Kipande kizuri kuliko vyote kwangu ni shoo ya Chuo Kikuu cha Warwick ya 1981, kipindi cha Rock Goes to College. Hapa hakuna pleibeki, yaani kuigiza juu ya wimbo uliorekodiwa, wanapiga kweli, John McGeoch kwenye gitaa, Steven Severin besi, Budgie kwenye drams anaziponda zile ngoma nene hadi kifua kinatikisika, na hapa hata wanja unasahau maana giza lenyewe linatoka kwenye mikono ya McGeoch. Kama unanunua kwa sababu moja nunua kwa hii.

Halafu ruka mpaka 1983, Dear Prudence, ule wa Beatles, ulifika namba 3, na gitaa anapiga Robert Smith wa The Cure aliyekuwa anawasaidia miaka ile. Lipstiki ya Smith na wanja wa Siouxsie kwenye fremu moja, kwa mtu anayependa mambo haya ni sikukuu.

Lawama ninazo. Vipande vya Top of the Pops ni vingi na karibu vyote ni pleibeki, ukiviangalia mfululizo unachoka, inabidi uvigawe. Na pleibeki ni hatari kwa sura ya huzuni kuliko kwa sura ya furaha, nani asiyekumbuka bendi ya All About Eve kwenye Top of the Pops Agosti 1988, sauti inawafikia watazamaji nyumbani lakini studioni haiwafikii, mwimbaji wao Julianne Regan amekaa kwenye kiti kimya anasubiri muziki uanze na wimbo umeshaanza zamani. Inaniuma kila nikiiona. Wiki iliyofuata walirudi wakaimba laivu na alistahili.

Kuhusu ununuzi, mimi nilipata la mtumba kwa muuzaji mmoja mtandaoni, diski ya pili ilikuwa na mikwaruzo ambayo hakuitaja, ulizeni picha za diski zote kabla ya kulipa.

Zile CD sijaziongelea sana lakini msizipite, kuna seshen walizorekodi kwa mtangazaji John Peel wa redio ya BBC kuanzia Novemba 1977, kabla hata kampuni ya rekodi ya Polydor haijawasaini. Nilizisikiliza mwisho, usiku, baada ya kumaliza DVD, na nilishtuka jinsi sauti peke yake, bila jicho wala wanja, ilivyokuwa imeshakamilika tayari.