Kununua Shamba la Mazao na Mifugo Katika Nyanda za Preri: Lipi Litangulie, Lipi Lingoje

Mtu aliyekulia penye ng'ombe, awe ametoka Masisi, Narok au Ngara, akishakaa miaka michache Winnipeg au Saskatoon nchini Kanada, au Omaha nchini Marekani, huanza kutazama nje ya mji, ambako ardhi imenyooka hadi macho yanachoka, na kujiuliza iwapo naye anaweza kupata yake. Anaweza. Ila ardhi ya preri, yaani nyanda za nyasi za katikati ya Amerika ya Kaskazini, hudanganya macho: mashamba mawili yanayopakana, yenye ukubwa sawa na bei sawa, yanaweza kutofautiana kiasi kwamba moja linalisha familia na jingine linamaliza akiba yake yote. Nimezipanga hapa aina tano za mali zinazouzwa katika nyanda hizo, kuanzia ile ambayo ningemshauri ndugu yangu ainunue hadi ile ambayo ningemsihi aiache. Kipimo changu ni kimoja: maji na nyasi hutangulia, udongo wa kulima hufuata, nyumba na mabanda huja mwisho, na bei ya ekari haina maana yoyote mpaka hayo yajulikane.

Sheria na vipimo

Jimbo la Saskatchewan haliruhusu mtu asiye raia wala mkazi wa kudumu wa Kanada kumiliki zaidi ya ekari 10 za ardhi ya kilimo. Kwa Alberta kikomo ni ekari 20 katika viwanja visivyozidi viwili, na kwa Manitoba ni ekari 40. Kwa hiyo mwenye kibali cha kazi au cha masomo peke yake asipoteze mafuta ya gari kwenda kuangalia ranchi. Asubiri ukazi wa kudumu, na asikubali kabisa kununua kwa jina la rafiki, kwani mbele ya sheria mwenye ardhi ni yule aliyeandikwa katika hati. Marekani haina katazo la nchi nzima, lakini sheria ya mwaka 1978 inamtaka mgeni asiye mkazi wa kudumu atoe taarifa ya ununuzi kwa wizara ya kilimo ndani ya siku 90, na baadhi ya majimbo, Iowa likiwemo, yana masharti makali zaidi.

Ardhi ya pande hizi, baada ya kuchukuliwa kutoka kwa wenyeji wake wa asili, ilipimwa kwa miraba. Mraba wenye upande wa maili moja huitwa seksheni, nao una ekari 640; robo yake, yaani ekari 160 au hekta 65 hivi, ndiyo kipande kinachouzwa zaidi. Robo hiyo ndiyo waliyogawiwa walowezi kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1862 na ile ya Kanada ya mwaka 1872, na wengi wao walishindwa kuishi kwayo hata wakati ule ambapo mahitaji yalikuwa machache. Mnunuzi wa leo aichukulie robo moja kuwa mahali pa kuanzia, huku akiendelea na kazi yake ya mshahara na kukodi ardhi nyingine jirani.

Ya kwanza: shamba mchanganyiko katika ukanda wa udongo mweusi

Naiweka mbele robo au nusu seksheni iliyo katika ukanda unaotoka magharibi ya Manitoba, ukapita Yorkton na Prince Albert, hadi maeneo ya Edmonton, ambako nyasi hukutana na vichaka vya miti ya aspeni. Udongo wa huko ni mweusi na una mboji nyingi, mvua ni afadhali kuliko kusini, na kwa kawaida shamba moja huwa na sehemu tambarare ya kulima shayiri, oti na kanola (zao la mbegu za mafuta), pamoja na sehemu ya mawe au ya majimaji ambayo haifai kwa jembe lakini ni malisho mazuri. Mchanganyiko huo ndio sababu ya kulipa nafasi ya kwanza. Oti ikipigwa na mvua ya mawe, au jalidi ikiwahi kushuka mwishoni mwa Agosti, mwenye nafaka peke yake husubiri bima, ilhali mwenye ng'ombe huikata oti ile ikiwa bado ina rangi ya kijani na kuifunga marobota ya chakula cha baridi.

Chakula cha baridi ndicho jambo ambalo mfugaji wa kwetu hulipima vibaya zaidi. Kwetu ng'ombe hutafuta nyasi mwaka mzima, hata kama ni za shida. Huku theluji hufunika malisho, na mifugo hulishwa kwa mkono siku 180 hadi 200 za mwaka. Ng'ombe wa nyama mwenye kilo 600 hula takriban kilo 13 hadi 15 za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo kwa siku 200 anahitaji karibu tani tatu, na kundi dogo la ng'ombe 40 linahitaji tani 120 ambazo lazima ziwe zimekatwa, zimefungwa na kusogezwa karibu na zizi kabla ya Novemba. Shamba lisiloweza kutoa kiasi hicho si la ng'ombe 40, hata dalali akisema nini. Kununua hei, yaani nyasi zilizokaushwa, kila mwaka kunawezekana, lakini mwaka wa ukame kila mtu huitafuta kwa pamoja, na bei yake ndiyo inayowalazimisha watu kuuza mitamba waliyoitunza kwa miaka.

Katika ukanda huu ulizia pia ugonjwa wa mizizi ya kanola unaovimbisha mizizi mpaka mmea unanyauka. Uligunduliwa katika mashamba ya kanola karibu na Edmonton mwaka 2003, huenea kwa udongo unaong'ang'ania mashine, na vijimbegu vyake vinaweza kukaa ardhini hadi miaka 20. Omba historia ya mazao ya angalau miaka sita kwa maandishi. Muuzaji aliyepanda kanola mwaka baada ya mwaka kwenye kipande kilekile amekwisha kukueleza jinsi anavyoitunza ardhi yake.

Kuhusu maji, hapa naomba msomaji asome polepole. Mashamba mengi hutegemea lambo lililochimbwa ili kukusanya maji ya theluji inayoyeyuka, na lambo lililojaa mwezi wa Mei linaweza kuwa sumu mwezi wa Agosti, kwa kuwa jua linapokausha maji, chumvi hubaki na kukolea. Mwezi Julai mwaka 2017, karibu na Shamrock katika Saskatchewan, takriban ng'ombe 200 walikufa katika malisho mamoja baada ya lambo lao kupungua na maji yake kuwa na chumvi nyingi kupita kiasi. Maji yenye chumvi zilizoyeyuka zaidi ya miligramu 7,000 kwa lita hayafai kwa ng'ombe wenye mimba wala wanaonyonyesha, na salfeti, aina mojawapo ya chumvi hizo, hudhuru hata kabla ya kufikia hapo. Chukua sampuli mwenyewe, ipeleke maabara, na uandike katika ofa yako kwamba ununuzi unategemea majibu. Mimi niliwahi kuonyeshwa shamba lenye nyumba nzuri, banda jipya na uzio wa seng'enge ulionyooka kama uzi, nikakaribia kutia saini kabla ya jirani mmoja mzee kuniambia kwamba mwenyeji wake huchota maji kwa lori kila kiangazi. Hakuna aliyenidanganya waziwazi. Ni kwamba sikuuliza.

Ya pili: ranchi ya nyasi asilia

Mwenye moyo wa mifugo kuliko jembe, na mwenye mtaji wa kununua ekari nyingi, ataipenda hii zaidi, nami simlaumu. Vilima vya mchanga vya Nebraska, yaani Sandhills, vina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 50,000, na mchanga wake unashikwa na nyasi peke yake. Mwaka 1904 serikali iligawa huko vipande vya ekari 640 kwa walowezi, mara nne ya kipimo cha kawaida, na bado wengi walihama, kwa sababu palipolimwa upepo ulichimba mashimo na ng'ombe hawakutosha. Flint Hills za Kansas nazo zimehifadhi sehemu kubwa ya nyasi ndefu zilizosalia katika bara lile, kwa kuwa mawe yaliyo karibu na uso wa udongo yaliyashinda majembe. Wafugaji wa huko huzichoma nyasi kila majira ya kuchipua ili zichipue upya. Katika maeneo hayo yote mawili mnunuzi ananunua nyasi, na akizilima ameharibu alichokinunua.

Usinunue ranchi kwa idadi ya ekari. Wafugaji wa huku hutumia kipimo cha malisho yanayomtosha ng'ombe mmoja na ndama wake kwa mwezi mmoja. Tuseme mtaalamu wa malisho amepima ardhi kavu ya kusini-magharibi mwa Saskatchewan akakuta kila ekari inatoa robo ya kipimo hicho kwa mwaka: ng'ombe mmoja atakayelisha miezi mitano anahitaji ekari 20, na robo nzima ya ekari 160 inabeba ng'ombe wanane tu. Wengi hushtuka wakipiga hesabu hii baada ya kulipa. Tembea malishoni kwa miguu, uangalie kama kuna nyasi za mwaka jana zilizobaki chini. Udongo ulio wazi na magugu mengi ni dalili ya ardhi iliyolishwa kupita uwezo wake, na kuirudisha huchukua miaka.

Ranchi nyingi za Alberta na Saskatchewan huuzwa zikiwa na eneo dogo lenye hati na eneo kubwa lililokodishwa kutoka serikalini. Tangazo litasema ekari 3,000, kumbe zenye hati ni 640. Ukodishaji huo haupiti moja kwa moja kwa mnunuzi mpaka mamlaka iidhinishe, kwa hiyo idhini hiyo iwe sharti la mkataba, na benki yako iambiwe mapema kwamba ardhi ya kukodi haiwekwi rehani kama ardhi yenye hati.

Ya tatu: ardhi kavu ya nafaka na dengu

Kusini mwa Saskatchewan na Alberta kuna eneo ambalo mpelelezi John Palliser, aliyezunguka huko kati ya mwaka 1857 na 1860, alilitangaza kuwa kame mno kwa kilimo. Leo linatoa ngano, dengu na njegere kwa wingi, kwa kuwa wakulima waliacha kugeuza udongo, wakaacha mabua yashike theluji na unyevu. Bei ya ekari huko kwa kawaida ni ya chini kuliko ukanda mweusi, na ndiyo maana huwavutia wanaoanza. Hata hivyo mvua haina uhakika, na soko la kunde lina wenyewe: mwaka 2017 India ilipotoza ushuru wa asilimia 50 kwa njegere kutoka nje, mkulima wa Saskatchewan hakuwa na la kufanya. Udongo uliopandwa dengu na njegere mfululizo hupata pia ugonjwa wa kuoza mizizi unaodai mapumziko ya miaka sita hadi minane. Madoa meupe ya chumvi yaliyo kando ya mabonde yapime kwa ekari na uyatoe katika bei, kwani kodi utayalipia hata yasipoota kitu.

Ya nne: bonde la Red River

Udongo wa mfinyanzi ulioachwa na ziwa la kale la Agassiz, pande zote mbili za mpaka wa Manitoba na Dakota ya Kaskazini, ni miongoni mwa bora kabisa kwa ngano, soya na mahindi. Lakini ni ghali, mafuriko ya mwaka 1997 hayajasahaulika, na karibu hakuna malisho, kwa hiyo mtu anayetaka ng'ombe hana sababu ya kwenda huko. Upande wa Marekani uliza kama kuna ardhi oevu iliyokaushwa ili ilimwe baada ya tarehe 23 Desemba 1985, maana humnyima mkulima haki ya misaada ya serikali.

Ya tano: ardhi ya kumwagilia inayokaushwa

Magharibi mwa Kansas na kaskazini mwa Texas huuzwa mashamba yenye mitambo mikubwa ya umwagiliaji inayovuta maji ya Ogallala, hifadhi ya chini ya ardhi iliyoenea chini ya majimbo manane. Sehemu nyingi za kusini hutoa maji kwa kasi inayozidi sana kiasi kinachorudi. Anayenunua huko kwa bei ya ardhi ya maji ananunua kitu kinachopungua kila msimu, na Kansas mwenye haki ya maji ya zamani hupewa kabla ya mwenye haki mpya. Nebraska hali ni bora zaidi, ila hakikisha ekari zimeidhinishwa kumwagiliwa na wilaya ya maliasili ya mahali hapo. Bomba lililopo shambani si ushahidi wa idhini.

Hati, visima vya mafuta na ziara ya mwisho

Hati ya Kanada hulindwa na serikali na ni ya kuaminika, lakini kwa kawaida humpa mnunuzi uso wa ardhi tu, huku madini yakiwa ya serikali au ya mtu mwingine. Mwenye madini anaweza kuruhusiwa kuchimba mafuta ndani ya shamba lako hata usipotaka, akakulipa kodi ya mwaka. Wauzaji huitaja kodi hiyo kama mapato. Wewe dai stakabadhi za miaka mitatu, uulize kila kisima kinamilikiwa na nani, kwa kuwa Alberta ina visima vingi vilivyoachwa na kampuni zilizofilisika, na kisima kilichotelekezwa katikati ya shamba huwazuia wenye mashine kubwa na humtia benki wasiwasi. Tafuta pia mikataba ya hifadhi ya nyasi au madimbwi iliyoandikishwa katika hati, kwani humfunga kila mmiliki anayefuata. Ramani za udongo za serikali ni bure katika nchi zote mbili. Zichapishe na utembee nazo.

Ikiwezekana, kodi ardhi ya eneo hilo misimu miwili kabla ya kununua, kwa fedha taslimu au kwa kumgawia mwenye ardhi theluthi ya mavuno kama wengi wafanyavyo. Na shamba ulilolichagua likague mara mbili: mwishoni mwa Aprili theluji inapoyeyuka, uone maji yanasimama wapi na barabara inapitika vipi, kisha katikati ya Agosti, ukiwa na chupa safi ya sampuli mkononi, uone lambo limebaki na nini.