Mkate wa Wishwa: Riwaya Nne za Siri na Msako Nilizozisoma Hapa Lamu

Assalaam alaykum, karibuni tena. Leo nimepanda darini, hapa kwetu Langoni, maana chini umeme umekatika tangu asubuhi na huku juu jua bado lipo. Mkisikia punda, kuna jirani anajenga, wanamletea mchanga. Mimi nitaendelea.

Nina vitabu vinne hapa. Tangu niseme kwamba napenda riwaya za upelelezi, za majasusi na za misukosuko ya zamani, kila ninayepishana naye njiani ananiuliza: nianze na ipi? Basi leo nitasema ipi na kwa nini. Na ile ambayo naona uiazime tu, usiitolee pesa, nayo nitaitaja.

Kwanza kipimo changu. Sisi wa huku tumelelewa na habari za Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa pwani hii. Yuko gerezani Pate, miguu imo pinguni, walinzi mlangoni. Mamake anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada. Kila kikija kitamu, walinzi wanakila wao, mfungwa anaachiwa kisicholika. Siku moja Liyongo anamwimbia Saada. Anaimba kwa sauti, walinzi wako pale pale, na ndani ya wimbo anamwagiza mama afanye mikate mizuri ya walinzi, na mmoja wa wishwa, na ndani ya huo wa wishwa atie tupa, kile chuma cha kukerezea. Wishwa ni makapi, jamani. Nani ataugombania mkate wa makapi? Walinzi wakala vizuri, wakamsukumia Liyongo mkate wake, na tupa imo ndani. Kisha akaomba achezewe ngoma ya gungu kabla hajauawa. Ngoma zikalia, matoazi yakalia, watu wakashangilia, naye chini kwa chini anakereza pingu.

Nilisimuliwa hivyo nikiwa mdogo, na kilichonikaa hadi leo si nguvu za Liyongo. Ni kwamba mambo yote yalipita mbele ya macho ya walinzi. Wimbo waliusikia. Mkate waliushika kwa mikono yao. Basi hicho ndicho kipimo changu: riwaya ya siri inipe mkate wa wishwa mkononi, niudharau mwenyewe, halafu mwishoni niione tupa. Mwandishi akiificha tupa mfukoni mwake, akaja kuitoa ukurasa wa mwisho, hajanishinda huyo. Kaninyima.

Haya, cha kwanza hiki hapa. Ngoja nikisogeze mkione kava. *Mzimu wa Watu wa Kale*, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kilishinda mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, kikatoka kitabu 1960. Mwandishi huyu, kabla ya kuwa mhariri wa gazeti la *Mkulima*, alikuwa mkaguzi wa afya, na mimi nikisoma naiona kazi ile. Mkaguzi wa afya ni mtu anayeingia majumbani mwa watu, anauliza maji mnateka wapi, taka mnatupa wapi, na huku jicho lake liko kwenye kona ambayo wenye nyumba wenyewe wameacha kuitazama.

Tajiri mmoja mwenye mashamba, Bwana Ali Bomani, anakutwa amekufa pale mzimuni, mahali watu hawapasogelei ovyo. Polisi wapo, na Inspekta Seif yupo, lakini fundo lenyewe linafunguliwa na Bwana Msa, mtu wa kiko, akiwa na sahibu yake Najum. Wengi humlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes, na kile kiko kweli kinasema kimetoka wapi. Lakini yule wa London anasoma matope ya viatu na majivu ya sigara. Huyu wetu anakaa, anavuta kiko, anasikiliza. Na ndivyo inavyotakiwa, maana Uswahilini maneno hayakosekani. Ukikaa barazani kutwa moja utaambiwa habari za mtaa mzima. Kazi ni kujua katika maneno mia moja, lipi ndilo limebeba tupa. Najum anakimbilia kudhani, na wewe msomaji unakimbia naye, mnapotea pamoja.

Kasoro ipo. Mwishoni Bwana Msa anaeleza, anaeleza tena, na aliyezoea mbio za filamu ataona anacheleweshwa. Mimi yale maelezo nayapenda, kwa sababu nikirudi nyuma kuyahakiki nayakuta yote niliyapita kwa miguu yangu.

Sasa tazameni nakala yangu. Mnaona hapa nyuma? Mgongo umeachia, na kurasa za mwisho hazimo. Niliiagiza kwa muuzaji mmoja wa vitabu vikuukuu Mombasa, ikaja na basi mpaka Mokowe, ikavuka na boti, nikaipokea kwa furaha gatini. Usiku nimefika pale Bwana Msa anapokusanya watu ili aseme, nikageuza ukurasa, nikakuta kava. Nilimpigia muuzaji, akanijibu kwamba kitabu kikuukuu hununuliwa kilivyo. Niliudhika, na hadi leo naona hakunitendea haki. Kitabu cha mauaji kisicho na mwisho ni sawa na kuuziwa kufuli bila ufunguo. Kwa hiyo ukinunua kikuukuu, kabla hujatuma pesa omba upigiwe picha ya ukurasa wa mwisho, na uulize kama kimeshonwa kwa uzi au kimebandikwa gundi tu. Hewa yetu ya chumvi haielewani na gundi, mwaka mmoja tu karatasi zinaanza kutoka kama majani ya mkungu.

Kesho yake nimekaa barazani na kitabu changu kilichokatika, ami yangu akapita anatoka msikitini. "Yeo wasomani, mwanangu?" Nikamwonyesha. Uso ukamfunguka. Alikisoma akiwa kijana. Akakaa, akaweka fimbo yake kando, akaanza kunimalizia kwa mdomo. Lakini hakunipa jina la muuaji. Aliniuliza kwanza, mimi ninamdhania nani. Nikamtaja mtu wangu. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Na fulani je? Mbona humtaji?" Nikajua pale pale. Nilikuwa nimempita mtu huyo mara tatu nne, anasema maneno yake mbele yangu, nisimhesabu. Nitarudi kwa ami baadaye.

Cha pili, cha majasusi. *Kufa na Kupona*, cha Elvis Musiba, 1974. Huyu ndiye aliyetuletea jasusi Willy Gamba. Siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, na Willy anatumwa kuzifuata hadi Nairobi. Ukitaka kukionja vizuri, kumbuka Afrika ilivyokuwa mwaka ule. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliundwa 1963 na makao yake yalikuwa Dar es Salaam kweli. Msumbiji na Angola hazikuwa huru hadi 1975, Zimbabwe hadi 1980. Msomaji wa 1974 alipoambiwa karatasi zile zikiingia mikononi mwa adui watu watakufa, hakuona ni chumvi ya mwandishi. Watu hao walikuwa wanapita Dar es Salaam, pengine amepanda nao basi.

Mbio zake ni kali, nilikimaliza usiku mmoja. Lakini kwa kipimo changu, mkate wa wishwa humu ni haba. Willy akikwama, ngumi inamkwamua, au bunduki. Wanawake wamewekwa zaidi kupendeza kuliko kufikiri, na hilo lilinikera. Bado, kama nyumbani una kijana asiyeshika kitabu, mpe hiki. Nilimpa mdogo wangu, chakula cha usiku kikapoa mbele yake.

Sasa cha tatu, na hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu kinatuhusu sisi wenyewe. *Allan Quatermain*, cha Mwingereza Rider Haggard, kilichapishwa 1887. Wazee wetu walioisoma *Mashimo ya Mfalme Sulemani* shuleni watamkumbuka. Ni mwandishi yule yule. Wazungu watatu wanashuka hapa Lamu, wanazungumza na balozi wa Kiingereza, wanapata wapagazi, kisha wanaufuata Mto Tana kwenda bara. Haggard alikuwa na ndugu yake aliyefanya kazi ya ubalozi mdogo hapa Lamu miaka hiyo ya 1880, kwa hiyo habari za mji hakuziotea ndotoni.

Na mji anauelezaje? Kwa uvundo. Anasema wanawake wanafukia nazi ufukweni, zinaachwa mpaka makumbi yaoze, kisha wanazifukua kutoa nyuzi, na harufu ya ufuo huo anasema hajapata kuinusa mahali pengine. Ni kweli, makumbi yakifukuliwa yananuka, sikatai. Lakini nyuzi zile anazitaja kwa mikeka na mengineyo tu. Angeuliza zinakwenda wapi! Ndizo kamba. Mitepe, vile vyombo vya zamani vya visiwa hivi, haikupigwa misumari, ilishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za nazi, ikabeba boriti na nafaka baharini vizazi kwa vizazi. Quatermain, msimuliaji wa kitabu, anayejiita mtu wa kusoma nyayo msituni, alisimama mbele ya viwanda vya kamba vya mji wa mabaharia, akaziba pua, akapita. Mkate wa wishwa ulikuwa mkononi mwake.

Na si Lamu tu. Waafrika katika kitabu kile, hata wale anaowasifu kwa ushujaa, wamewekwa ili Mzungu aonekane mkubwa. Safari na vita vinasisimua, siwezi kusema uongo. Lakini hiki ndicho nilichosema uazime. Soma zile sura za mwanzo ujue mji wako ulionekanaje kwenye macho ya mgeni, kisha mrudishie mwenyewe.

Yaani nikitembea mjini hapa najiuliza, riwaya yetu wenyewe iko wapi? Mwaka 1888 Wajerumani walifungua posta Lamu, ikakaa mpaka 1891. Jengo bado lipo, ni makumbusho, mnalipita kila siku mkienda sokoni. Witu, huko bara, kulikuwa na himaya ya Wajerumani, Zanzibar kuna Sultani, Waingereza wanatazama, na barua zote zinapita kwenye chumba kile kimoja chenye kuta za matumbawe. Nani alikuwa anazipanga? Nani alikuwa anajua kusoma Kijerumani na hakumwambia mtu? Mwenye kalamu na aishike, mimi nitanunua nakala ya kwanza.

Mpaka hapo, cha nne ndicho kinachoniliwaza. *Vuta n'kuvute*, cha Adam Shafi, 1999. Ni Unguja ya enzi za Waingereza, miaka ya 1950. Yasmini, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima anayeweza kumzaa, naye anakimbia. Anakutana na Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi, ambaye anaingiza kisiri magazeti na vitabu vilivyopigwa marufuku. Nyuma yake yuko Inspekta Wright na watu wake.

Tazameni alivyogeuza mambo. Katika kile cha kwanza uko na anayetafuta. Humu uko na anayeficha. Kila mlango ukibishwa moyo wako unaruka, kwa sababu vitabu viko chini ya kitanda na wewe unajua viko pale. Ni hadithi ya Liyongo, ila sasa umo ndani ya gereza, na tupa ni karatasi iliyopigwa chapa. Mwajuma, shoga yake Yasmini, nilimpenda kama mtu ninayemjua, na Kiswahili chake ni kile cha jikoni, cha mtu anayekupulizia moto huku anakupa ukweli. Filamu yake ilitoka 2021 na ni nzuri, lakini anza na kitabu, kwa sababu mateso ya Denge kwenye karatasi yanakwenda polepole na huwezi kufumba macho.

Kwa hiyo, pesa ya kitabu kimoja ukiwa nayo, nunua *Vuta n'kuvute*, kipya, usihangaike na kikuukuu. Ukiwa na ya viwili, ongeza *Mzimu wa Watu wa Kale*. Willy Gamba mpe kijana.

Na sasa ami yangu. Usiku ule aliponimalizia, nilichukua karatasi za daftari nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno, karatasi tatu, nikazishona kwa uzi humu nyuma. Hizi hapa. Miezi kadhaa baadaye nikapata kuazima nakala nzima, nikalinganisha. Muuaji alimkumbuka sawasawa. Njia ya kumfikia alikuwa ameibadilisha kidogo, miaka mingi imepita, na pale Bwana Msa anapoanza kueleza, ami amemfanya aanze kwa kuuliza swali: na fulani je, mbona humtaji? Kwenye kitabu swali hilo halipo. Nimeziacha karatasi zake humu humu. Ningewafungulia mzione, lakini jina liko mstari wa pili, na adhana inakaribia.