Miezi minne na stiki ya gemu ya HDMI: uzoefu wangu

Nilikwenda Kariakoo kutafuta rimoti, nikarudi na gemu. Niliikuta imening'inizwa dukani: kidude cheusi cha ukubwa wa kidole gumba, padi mbili zisizo na waya, na boksi lililoandikwa kwamba ndani yake mna gemu 10,000. Jina la kampuni hakuna popote. Nililipa shilingi 70,000. Huu ni mwezi wa nne, na karibu kila Jumamosi jioni tunakaa nayo mimi na mwanangu wa miaka 9.

Nimeipenda, tena sana. Ila ina tatizo moja ambalo usipolitatua siku ya kwanza utaona umetapeliwa, na nitalifikia.

Kuifunga hakuhitaji fundi. Stiki inachomekwa kwenye tundu la HDMI nyuma ya TV, na waya wake mdogo unachukua umeme kwenye USB. Mimi nilianza na USB ya TV, ikawa inazima na kuwaka katikati ya mchezo. Nilipohamia kwenye chaja ya simu ikatulia mpaka leo. Kila padi inakula betri mbili nyembamba za rimoti.

Ukiwasha, gemu zimepangwa kwa mashine zilikotoka: Atari, Famicom, Sega, Super Nintendo, Game Boy, PlayStation. Hizo 10,000 usizihesabu. Nyingi ni gemu ileile kwa lugha nyingine, au imebadilishwa rangi ikapewa jina jipya. Tena ni nakala ambazo wenye kazi zao hawakulipwa, na hilo mnunuzi alijue kabla hajatoa hela. Lakini hata ukichuja vipi, unabaki na mamia ya gemu za kweli, na kwa mzazi anayetaka kumwonyesha mtoto gemu zilivyoanza, sijaona kitu kingine cha bei hii.

Tulianza na folda ya Atari 2600, mashine ya mwaka 1977. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128. Ujumbe mfupi wa simu wa herufi 160 hauwezi kuingia humo. Mtoto alicheza dakika tano akachoka, na simlaumu, vibonge vya rangi vinavyogongana havimwambii kitu mtoto wa leo. Kilichomshika ni Space Invaders ya mwaka 1978, ile ya mashine za ukumbini za kutumbukiza sarafu. Wale wadudu wa angani wanashuka polepole, na kadiri unavyowapunguza ndivyo waliobaki wanavyokimbia. Nikamweleza kwamba mtengenezaji wake, Mjapani Tomohiro Nishikado, hakuanza kwa kupanga hivyo. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilikuwa inalemewa kuwachora wote, basi wakipungua inapata nafuu na mwendo unaongezeka. Alipoona matokeo yanapendeza akaacha vilevile. Mwanangu alirudia mara tatu kumwua yule wa mwisho ili tu aone anavyokimbia.

Halafu Famicom, na hapo nikajikuta Tanga mwaka 1997. Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983, lakini mtaani kwetu zilifika nakala za bei nafuu zisizo na jina, za kuchomeka kaseti. Tanzania Bara TV zenyewe zilikuwa ngeni, matangazo yalianza mwaka 1994, na mtaa mzima ulikuwa na nyumba mbili zenye TV. Mmoja akifa kwenye mchezo anampa padi anayefuata. Niliyajua maji ya kuchota kwa mama wa nyumba iliyokuwa na gemu kuliko ya kwetu, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa tiketi yangu ya kuingia.

Kwa hiyo nilifungua Super Mario Bros. ya mwaka 1985 mikono ikinitetemeka kidogo. Gemu nzima, na hatua zake zote 32, ina kilobaiti 40 hivi. Picha moja unayopiga kwa simu ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Nilisimamisha mchezo nikamwambia mtoto atazame wingu, kisha atazame kichaka kilicho chini. Akasogea mpaka pua inakaribia kioo, akaweka kidole juu, akakishusha. "Baba, ni wingu hilohilo! Wamelipaka kijani!" Ndiyo, ni mchoro mmoja umetumika mara mbili kwa sababu nafasi haikutosha. Hata sharubu za Mario zina sababu hiyo: kwenye vidoti vichache vile mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, hakuweza kumchorea mdomo unaoonekana, na kofia akamvisha ili asihangaike na nywele. Tangu siku ile mwanangu akiona gemu yoyote anatafuta kilichorudiwa.

Sasa tatizo. Nilipoanza kumrusha Mario nilitumbukia shimo la kwanza. Nikarudia, nikatumbukia tena. Mtoto ndiye aliyeligundua: "Baba, mbona ukibonyeza anakawia kuruka?" Kweli, alikuwa anakawia. Kwenye TV ya chogo na padi ya waya, ulikuwa ukibonyeza tu ameruka. Hapa amri inatoka kwenye padi kwa redio, inapita kwenye programu inayojifanya Famicom, kisha TV bapa inachukua muda wake kuisafisha picha kabla ya kuionyesha. Kila hatua inakula kidogo, na gemu hizi hazina huruma kwa hicho kidogo.

Dawa niliipata kwenye TV, sio kwenye stiki. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya gemu. TV itaacha kupamba picha na itaionyesha mapema. Zima pia ule uvutaji unaojaza skrini nzima, maana gemu hizi zilichorwa kwa umbo la TV za zamani na zikivutwa Mario anakuwa mnene. Tofauti ni kubwa mno. Sisemi imekuwa kama ya Tanga, lakini jioni ileile nilivuka hatua nne bila kufa. Wengi wanaolalamika kwamba stiki hizi hazichezeki, naamini hawajagusa mpangilio huu.

Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata kwa bastola, imo, ila usihangaike nayo. Ile bastola yake ilikuwa na jicho la kuona mwanga: ukifyatua, skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua na bata anageuka kiboksi cheupe, bastola inaangalia kama imekiona. Ilitegemea namna TV ya chogo inavyochora picha. Kwenye TV bapa haifanyi kazi, na stiki haiji na bastola.

Sega na Super Nintendo zinakwenda vizuri, Sonic hasa. PlayStation ya kwanza ndipo stiki inapohema. Mashine ile ilitoka Japani Desemba 1994, na kutoka kaseti kwenda sidii ya megabaiti zaidi ya 600 watu wa ndani ya gemu wakaanza kuwa na pande tatu, sauti za kweli, na mpira wenye watangazaji. Kwenye hii stiki mpira unachezeka kwa kukwamakwama, na gemu za mbio za magari sauti inakatika. Kama PlayStation ndiyo unayoitaka, hifadhi hela yako ununue mashine yenyewe ya mtumba.

Kuhusu maandishi ya "4K" kwenye boksi, yaani picha kali ya TV za kisasa, Famicom ilitoa picha ya vidoti 256 kwa 240. Stiki inaitanua tu.

Jambo la mwisho ni memori kadi, inayobeba kila kitu na ni ya ubora wa chini. Yangu ilikufa wiki ya sita. Wenye duka walinibadilishia baada ya mabishano, lakini rekodi za mtoto zote zilikwenda. Nilipopata ya pili nilinakili yote kwenye kompyuta usiku uleule, nikahamishia kwenye kadi nzuri ya gigabaiti 64. Ifanye hiyo kazi kabla hata ya kucheza.

Padi ya pili kitufe cha B kimeanza kunata. Nimeifungua nikasafisha mpira wake kwa spiriti, imerudi. Jumamosi hii ni zamu ya Contra, gemu ya kupigana risasi, wawili kwa pamoja, na mtoto ameshaandika ile siri ya maisha 30 kwenye daftari lake: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A.