Stesheni ya Moshi na ya Arusha

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 wakati wa Wajerumani ilifika Moshi mwaka 1911, ilhali Arusha iliisubiri hadi Waingereza walipoiendeleza mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwa historia, Moshi ina uzito zaidi, hasa kwa kuwa Kahe, jirani yake, ndipo ilipoungana na njia ya Voi iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi Desemba 2019, kisha Arusha mwaka 2020. Kwa msafiri wa leo naipendekeza Arusha, kwani anayeshukia Moshi huikosa sehemu ya mwisho ya njia, ambayo kwangu ina thamani kubwa.