Chardonnay ya pipa, shamba moja: nilivyoionja Malindi

Chupa mbili za Chardonnay, divai nyeupe iliyokaa pipani, ya bonde la Hemel-en-Aarde, Afrika Kusini: mwaka ule ule, duka lile lile la hapa Malindi. Ya kwanza ilikuwa imeungua kwa joto. Kizibo kimechomoza, rangi imeelekea chai ya rangi, harufu ya tofaa lililokatwa likasahauliwa. Shamba halina kosa. Chupa zilisimama rafuni zikipigwa na jua msimu wa kaskazi. Kabla hujalipa, papasa juu ya kizibo. Kikiwa kimeinuka, iache. Ya pili niliomba itolewe stoo, na hiyo ndiyo ninayoisifu.

"Shamba moja" kwenye lebo si pambo: kwa sheria ya kwao shamba hilo la mizabibu husajiliwa, na halizidi hekta 6.

Pua hukutana kwanza na vanila na mkate uliochomwa, ndio mwaloni huo, mti wa pipa. Kisha siagi, ingawa hakuna aliyeitia: bakteria hugeuza asidi kali, ile ya tofaa bichi, ikawa ya maziwa iliyo laini, na katika kazi hiyo hutoka diasetili yenye harufu ya siagi. Uzito wake mdomoni, si tui bubu, tuseme tui la pili, hutokana na machicha ya hamira yanayoachwa pipani na kukorogwa. Chini kabisa kuna ndimu. Bila hiyo ndimu ingekinaisha glasi ya pili.

Wengi hapa huileta baridi kupita kiasi. Friji ya nyuzi 4 huficha harufu, ukabaki na ukali wa mbao. Inataka nyuzi 11 hadi 13. Kwa joto letu, muda mfupi nje ya friji unatosha. Mimina mililita 100 tu kila mara, maana ikipata moto, pombe yake ya asilimia 13.5 hutangulia kila kitu. Barafu usitie.

Kamba wa kuchoma kwa siagi ndiye mwenzake. Samaki wa kupaka walipatana nusu: nazi sawa, lakini ukwaju uliifanya ilegee, na pilipili ikawashwa zaidi na pombe. Ukwaju uwe kidogo, pilipili ikae kando.

Iliyobaki niliifunga, nikairudisha frijini. Siku ya pili vanila ilikuwa imetulia, ndimu imetokeza. Nadhani ilikuwa tamu kuliko jana yake. Siku ya nne ilikuwa imechoka, ikaishia kwenye kikaango cha kamba.