Hesabu za kufundishia nyumbani: Saxon au Singapore?

Saxon Math 5/4, kitabu cha hesabu cha Kimarekani cha darasa la nne au la tano hivi, ina masomo 120. Kila somo lina jambo moja jipya, kisha maswali kama 30 ya mchanganyiko, mengi yakirudia yaliyopita. Inamfaa sana mtoto anayesahau haraka. Wazazi wengi huiharibu kwa kuruka marudio ili wamalize mapema. Jambo la leo lina maswali machache tu leo. Mengine yametawanywa kwenye masomo yajayo, kwa hiyo ukiruka umemnyima mazoezi. Halafu kuna inchi na dola, ambazo itabidi umfafanulie.

Primary Mathematics, mfululizo wa vitabu vya hesabu vya Singapore, huanza na vitu vya kushika, kisha picha, mwisho tarakimu. Mfano: Juma ana maembe mara tatu ya Asha, jumla 24. Mtoto huchora vipande vitatu vya Juma na kimoja cha Asha. 24 gawanya kwa 4, kila kipande ni 6. Hapo ndipo inapoipita Saxon kabisa! Ila nunua na mwongozo wa mwalimu, maana kitabu cha mwanafunzi kina maelezo machache mno.

Zote mbili, mpime mtoto kwanza kwa jaribio la kumpangia ngazi. Usifuate darasa lake.