Mrejesho: buti za sefti (za usalama kazini) za mtumba kutoka soko la Karume, Dar, nimezipeleka site Malawi

Nianze na bei maana najua ndo mnachotaka. Elfu 55 pale Karume, muuzaji alianzia 90 tukabishana mpaka akachoka. Ni mtumba, ngozi nene, pua ya chuma, na ndani ya ulimi kuna kilebo kimeandikwa EN ISO 20345 S3, yani kiwango cha buti za sefti na daraja lake, hicho kilebo ndo kimenifanya nitoe hela na nitakieleza hapo chini. Nimezivaa site kusini mwa Malawi, wilaya ya Phalombe, tulienda na kikundi cha kanisa kujitolea kujenga nyumba za watu walioachwa bila makazi na kile kimbunga Freddy cha Machi 2023, na mpaka tunarudi Dar soli iko vilevile, pua haijabonyea, mshono haujaachia. Nyota tano. Ila nyota tano zenye masharti, kwa sababu ukienda Karume ukaokota buti yoyote yenye chuma mbele unaweza kulia.

Sikia kuhusu lebo. Buti za sefti za Ulaya zina madaraja na yameandikwa kwenye kiatu chenyewe. SB ni ya chini kabisa, yani pua ngumu tu. S1 imeongezewa kisigino kilichofunikwa na kinachopunguza mshtuko, S1P ina bamba ndani ya soli la kuzuia msumari, S2 haina hilo bamba ila ngozi yake inachelewa kupitisha maji, na S3 inakupa vyote kwa pamoja, bamba lipo, maji inachelewesha na soli ina meno. Pua yenyewe imepimwa kwa pigo la juli 200, kwa lugha ya site ni kama mzigo wa kilo 20 udondoke kutoka mita moja. Sasa watu wote wanaangalia pua, wanaigonga gonga na jiwe pale sokoni kama wataalam, wakati kwenye ujenzi wa kujitolea mimi naona hatari kubwa iko chini. Nyie mnaenda kama saidia fundi, kazi yenu ni kubeba tofali, kuchanganya zege, kusogeza mbao, na mbao zilizotoka kwenye linta, lile zege la juu ya milango na madirisha, zinatupwa chini na misumari yake imeangalia juu. Mwenzetu mmoja alikanyaga msumari na raba za kawaida, ukapita soli mpaka kwenye mguu, siku iyo iyo akapelekwa kituo cha afya kudungwa sindano ya kuzuia pepopunda. Mi nimekanyaga msumari nikiwa na buti hizi, nikasikia tu kitu kimekwama, nikang'oa nikaendelea kubeba tofali. Kwa iyo kama kilebo kimefutika au kimekatwa na muuzaji anakuapia kwa mama yake kwamba ni S3, mwambie asante, nenda meza ya pili.

Sharti lingine ni tarehe, na hapa ndo mtumba unapoumiza watu. Kwenye lebo hiyo hiyo huwa kuna mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Buti nyingi za sefti soli yake ni ile laini nyepesi ya PU (plastiki ya polyurethane), na PU ina ugonjwa wake, unyevu wa hewani unaila taratibu hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa, kinakaa stoo kinang'aa alafu siku unakivaa soli inamegeka vipande vipande kama keki iliyokauka. Na kwa hewa ya Dar hii ya jasho kutwa nzima, fikiria mwenyewe. Kwa iyo ikunje soli kwa nguvu mbele ya muuzaji, bonyeza na ukucha pembeni pale inapokutana na ngozi, ukiona nyufa ndogo ndogo au unga unabaki kidoleni, rudisha hata kama ngozi inameta. Muuzaji wangu alinuna nilivyokuwa nakunja kunja, nikamwambia kaka ndo natoa hela hivyo, vumilia.

Na mpya za dukani? Dada mmoja kwenye kundi letu alinunua mpya kabisa, boksi, plastiki, harufu ya duka, bei ilizidi yangu. Duka silitaji. Ndani hakuna lebo ya daraja lolote, nje kumechorwa tu neno SAFETY kubwa la njano. Wiki ya kwanza haikuisha gundi ikaachia mbele, akamalizia safari amezifunga na waya wa kufungia nondo. Sisemi mpya zote ni mbovu, zipo nzuri na bei yake utaiona, nasema tu upya wa boksi haukuambii kitu, kilebo ndo kinakwambia.

Glavu. Hapa nilinunua aina mbili pale Gerezani, Dar, na nashukuru. Zile za ngozi nyota nne, ni za tofali za kuchoma, mbao na bati, maana bati likikatwa ukingo wake ni kisu. Ila usizipeleke kwenye zege. Saruji mbichi ni kali, ni alkali ya juu sana, pH inavuka 12, na ngozi inainywa inakaa nayo, unajiona umevaa glavu kumbe umevaa saruji kutwa, jioni vidole vinakauka vinapasuka, wengine wanapata michubuko ya kuungua kabisa. Zege unataka zile za kitambaa zilizochovywa mpira, buku mbili buku tatu pea, beba pea kadhaa maana zinatoboka ncha za vidole. Nyota tano, kwa bei ile hakuna kitu kwenye begi langu kilichofanya kazi zaidi. Na saruji ikiingia ndani ya buti au glavu vua hapo hapo uoshe kwa maji mengi, usisubiri mapumziko ya chai.

Miwani ya plastiki, chukua nyeupe yenye namba EN 166, kiwango cha Ulaya cha kinga ya macho, kwenye fremu. Nyeusi inapendeza kwenye picha ila ukiingia chumba ambacho hakina dirisha bado huoni mwiko uko wapi. Barakoa za hospitali zilizobaki kabatini tangu corona ziacheni huko huko, pembeni zinaachia na vumbi la saruji linaingia kama kawaida, beba barakoa za kuchuja vumbi, N95 au FFP2, chache kwa siku za kumimina mifuko ya saruji. Helmeti sikubeba, wenyeji walikuwa nazo, ulizeni kabla hamjaondoka.

Sasa vifaa vya kazi, na hapa nitawaudhi watu. Acheni kubeba nyundo na chepe kutoka Tanzania. Kikundi chetu kilikuwa na kaka mmoja kajaza kisanduku, nyundo, pima maji, timazi, mpaka msumeno, vyote vipya kwenye maboksi, mpakani Kasumulu akaanza kuulizwa kama ni biashara, tukakaa tunamsubiri wote. Kufika Phalombe fundi ana vya kwake alivyovizoea na hataki vyako. Kinachokosekana kinapatikana, Limbe pale Blantyre hardware zimejaa, na hela yako ikizunguka kwa wenyeji si ndo vizuri zaidi? Mi nilibeba futi ya mkononi na kisu kidogo, basi. Kwa mnaopanda ndege ndo kabisa, nyundo haiingii na begi la mkononi, ila powerbank yenyewe ni kinyume, lazima uipande nayo na isizidi wati-saa 100, ile ya elfu 20 mAh inapita bila shida. Na ibebeni hiyo powerbank pamoja na tochi ya kichwani maana umeme wa Malawi unakatika. Soketi ni zilezile za pini tatu kama zetu, adapta za nini.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni baridi. Watu wanasikia Malawi wanafikiria jua na ziwa, sisi tulienda Julai, na upande ule wa mlima Mulanje kipindi cha baridi kuna manyunyu na ukungu wanauita chiperoni, unaweza kukaa siku nzima hujaliona jua, na ule mlima unavuka mita 3,000 kwa iyo upepo unaoshuka pale si wa mchezo. Waliotoka Mbeya walikuwa wanatucheka, sisi wa Dar tumejikunyata na kanga begani. Sweta moja zito la mtumba la elfu 8 na koti la mvua, nyota tano zote mbili. Suruali za jinzi nyota mbili, zikilowa hazikauki na site unachuchumaa kutwa. Ovaroli ni bora, au zile suruali za kazi zenye mifuko mapajani.

Begi nililotumia ni shangazi kaja na najua mtanicheka. Linabeba kila kitu, buti chini, linakunjika likiwa tupu, na kwenye buti ya basi nani anaangalia. Zipu ndo ugonjwa wake, funga kamba katikati kabla ya kupakia, na ndani weka kila kitu kwenye mifuko ya nailoni kwa sababu manyunyu. Nyota nne. Pasipoti, dawa, kadi ya chanjo na hela vinakaa kwenye kibegi cha mgongoni unacholala nacho, kutoka Dar mpaka Blantyre ni mwendo mrefu mno na basi linasimama kila mahali.

Kwa wadada wanaouliza saizi, 37 na 38 za S3 ni ngumu kidogo Karume, nyingi ni 42 kwenda juu. Fika asubuhi siku wanayofungua balo jipya, muulize muuzaji ni siku gani maana kila mmoja ana yake, na nenda na soksi nene utakazovaa site ujaribie nazo. Kidole gumba kikigusa chuma ukiwa umesimama tu, ongeza saizi, ukianza kushuka kilima na ndoo ya zege hutaweza kutembea.